Barua kwa mwanangu: kuni za mwakani zichanje sasa

Newala, mwezi wa Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, za mkwe wangu na za mjukuu pia. Huku hatujambo. Kipupwe kimeingia, asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, lile bonde letu la Shimo la Mungu halionekani mpaka jua likolee. Lakini najua baridi yetu haifiki popote mbele ya hiyo ya Makete, huko kwenye milima ya Njombe. Huku hatuamki tukakuta sakitu kwenye majani.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini kuni ulizonunua hazishiki moto na zinajaza moshi nyumba nzima, ilhali muuzaji alikuapia kuwa ni miwati safi. La pili, kama uachane nazo ununue mkaa, uweke jiko chumbani mnakolala na mtoto, kama anavyofanya mwalimu mwenzako. Naanza na hili la pili kwa sababu haliwezi kungoja barua nyingine.

Jiko la mkaa lisilale na watu. Liwe la udongo au la bati, hata kama yamebaki makaa machache tu mekundu. Watu wanauamini mkaa kwa kuwa hauna moshi. Lakini ukiungua katika chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Aliye macho anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, mwili unalegea. Aliyelala hasikii kitu, na huenda asiamke. Mwenzako kulala hivyo miaka yote na kuamka salama hakuthibitishi lolote; mwambie naye alitoe, mwambie ni mimi nimesema. Mkaa uwe wa kupikia, mahali penye hewa. Na siku yoyote mkiwa mbele ya moto mmoja wenu akasikia kichwa kinagonga, tokeni nje kwanza, mtoto akitangulia, kisha nendeni zahanati.

Nyumba mliyopewa ina meko ya kuotea yenye dohani. Hiyo ni neema, itumieni. Sasa tuzungumze kuni.

Kuni zako si mbaya, ni mbichi. Mwati ni mti wa moto mkali na makaa yanayodumu, muuzaji hakukudanganya kuhusu aina. Alichonyamazia ni lini ulikatwa. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Ukinunua mzigo wa kilo 20, umenunua hadi kilo 10 za maji, na maji hayo yote lazima yageuke mvuke kabla ukuni haujaanza kukupa joto. Ndiyo maana unasikia zinachuruzika na kulia, unaona povu likitoka kwenye ncha, na moshi unakuwa mzito. Miaka niliyopika shule ya bweni, lori likileta kuni mbichi maharage yalichelewa kwa saa nzima na zaidi, na rundo la wiki mbili halikumaliza wiki moja. Jiko ni lile lile, sufuria ni zile zile, kilichobadilika ni maji ndani ya mti. Ukuni unaofaa kuingia ndani ya nyumba ni ule ambao maji yake yameshuka chini ya asilimia 20.

Huku hukuyaona haya, na ni haki yako usiyajue. Matawi tunayopogolea kwenye mikorosho baada ya msimu ni membamba, yanabaki shambani, yanapigwa jua na upepo wa kusi mpaka yanakatika kwa mkono. Tena tunapika kwenye mafiga bandani, moshi unapita chini ya makuti unakotaka. Ukuni ukiwa mbichi kidogo, mpishi anafuta machozi na chakula kinaiva. Nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi haina msamaha huo.

Kuna jambo moja la nchi hiyo uliyohamia ambalo ukilielewa, mengine yote yatafuata. Baridi kali ya Makete inakuja pamoja na ukavu, Juni, Julai, Agosti, kisha mvua zinashika kuanzia Novemba hadi karibu Mei. Kwa hiyo miezi unayozihitaji kuni ndiyo hiyo hiyo inayozikausha. Kuni unayokata leo huwezi kuiota leo. Unaichanja sasa, inakauka mpaka Oktoba, unaiingiza chini ya paa kabla ya mvua, na unaiota mwakani. Mwenye kuni kavu mwaka huu ni yule aliyechanja mwaka jana. Wenyeji wa hapo wanalijua hilo, na ukipita kwenye nyumba za wazee utaona rundo la zamani na rundo jipya, kila moja mahali pake. Mwombe mmoja wao akuonyeshe. Mgeni anayeuliza haonwi mjinga.

Pa kukata: nunua miti kwa mwenye shamba la miwati au milingoti, mkubaliane mbele ya mtu. Msitu wa hifadhi usiingie na shoka bila kibali, hata kwa tawi lililoanguka, mpaka uulize serikali ya kijiji utaratibu ukoje. Wewe ni mtumishi wa umma, watoto wanakutazama.

Magogo yakishafika nyumbani yakate vipande vifupi kuliko meko yako, sentimita 35 hadi 40 vinatosha. Kipande kifupi kinakauka haraka kwa sababu maji ya mti husafiri kufuata nyuzi na kutokea kwenye ncha zilizokatwa. Ubavuni yanazuiwa na gome. Ndiyo maana gogo zima lenye gome lake linaweza kukaa nje mwaka mzima, likapauka juu, na ukilichanja unakuta ndani bado ni baridi na linanuka ubichi. Kuchanja ndiko kunakokausha. Lifungue gogo kabla ya kulipanga, usingoje siku ya kuliota.

Na lichanje likiwa bichi. Mlingoti hasa: ungali mbichi unapasuka kwa pigo moja au mawili, ukikauka nyuzi zake zinashikana na utalitesa bega lako bure.

Shoka ulilokuwa unaliona hapa nyumbani, lile ambalo chuma chake kimechomekwa kwenye tundu la mpini, ni la kukatia matawi na kusafishia shamba. Usilitumie kuchanjia magogo. Litakwama kwenye mti, utalivuta, chuma kitalegea, na chuma kilicholegea kinaruka. Tafuta shoka zito la kichwa kinene, ambalo mpini umepita ndani ya kichwa na kukazwa kwa kabari juu. Kila asubuhi kabla ya kuanza likung'ute, sikiliza kama kichwa kinacheza. Kikicheza, kaza kabari kwanza. Makali yapige tupa, lakini usiyafanye membamba kama ya panga, maana kazi ya shoka la kuchanjia ni kutanua ufa.

Weka gogo la kuchanjia, pana, lisilotikisika, urefu wake ufike chini kidogo ya goti. Sababu yake ni miguu yako: shoka likikosea ukuni, limalizie kwenye gogo badala ya muundi. Simama umetanua miguu, ukuni uusogeze upande wa mbali wa gogo, siyo upande wako. Angalia ncha ya juu. Karibu kila kipande kina nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini kwenda nje. Fuata ufa uliopo, usianzishe wako. Kifundo au panda ya tawi ikae chini au pembeni, usiipige katikati. Kipande kikiwa kinene sana usihangaike na kiini, anza kubandua pembeni, ubavu mmoja baada ya mwingine, mpaka kibaki cha katikati peke yake. Kinachokataa kabisa kitie kabari ya chuma na nyundo, na kikikataa hata hapo kiweke kando kiwe cha usiku wa baridi kali, kitawaka polepole mpaka alfajiri.

Nguvu nyingi si sharti. Nyanyua shoka, mkono wa juu uteleze ukutane na wa chini, uzito wake ufanye kazi likishuka. Mtu anayekamia kwa misuli anachoka baada ya vipande vichache, na ajali nyingi huja mtu akiwa amechoka. Ukiona unaanza kukosea shabaha, acha, kesho ipo. Vaa viatu vigumu, na mjukuu wangu asikaribie kabisa. Vibanzi vinaruka hadi machoni.

Unene unaotakiwa ni kama kifundo cha mkono wako kwa kuni za kuwashia na kukoleza, na mara mbili ya hapo kwa kuni za kudumu. Changanya.

Kupanga nako kuna kazi yake. Usirundike kama takataka, na usipange juu ya ardhi tupu: unyevu utapanda na mchwa watafuata. Laza fito mbili nene juu ya mawe, upange juu yake, kama kichanja cha chini. Ncha zilizokatwa zielekee upepo unakotoka. Mwisho wa kila safu simamisha nguzo kwa kupishanisha kuni, mbili hivi, mbili vile, ili rundo lisimwagike. Acha nafasi hewa ipite. Mama yako angesema ukiona panya anapita, hewa nayo inapita. Juu funika kwa bati au mabanzi, lakini ubavuni acha wazi. Turubai likizungushwa pande zote linafungia unyevu ndani, na kuni zinaota ukungu mweupe. Rundo la akiba liwe mbali kidogo na ukuta, usimkaribishe mchwa kwenye milango ya serikali. Na unapochukua kuni chukua kutoka juu, tazama kabla ya kutia mkono.

Utajuaje zimekauka? Gome linabanduka lenyewe, ncha zina nyufa kama miale, na ukigonganisha mbili zinalia kwa sauti kavu ya juu. Mbichi zinatoa kishindo kizito. Ukitaka uhakika zaidi, chukua vipande vichache, vipime kwenye mizani ya dukani, andika kilo kwa mkaa kwenye kila kimoja, uvirudishe katikati ya rundo. Vipime kila mwezi. Siku uzito ukiacha kushuka, vimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu.

Kwa mwaka huu, kwa kuwa mmeshachelewa: nenda kwenye mashine za kupasulia mbao uulize mabanzi ya msindano. Ni membamba, yanakauka kwa wiki chache za jua hili, na yanawaka haraka. Hayadumu na yana utomvu unaoacha masizi, kwa hiyo yatumie kuanzishia moto, kisha weka mwati uliokwisha kuuchanja vipande vyembamba na kuuanika juani mchana kutwa. Kuni za kesho zipange ndani umbali wa hatua mbili kutoka kwenye moto, zisiuguse. Lakini ukiwa huko kwenye mashine au kwenye mitambo ya nguzo, vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya ukijani usivichukue hata kwa bure. Vimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki; moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu pia. Mifuko ya plastiki ya kuwashia moto nayo, hapana.

Dohani ikaguliwe kabla hujaendelea. Moshi wa kuni mbichi umeshaacha masizi ya kunata kama lami ndani yake, na masizi hayo yakizidi yanaweza kushika moto humo humo. Tafuta fundi ayakwangue. Usiku usizibe dohani wakati makaa bado mekundu, hata kama baridi inaingia. Ile hewa ya sumu niliyokueleza inatoka kwenye makaa ya kuni pia.

Kichwa cha shoka cha kilo mbili nimekipata kwa mhunzi, na kabari moja ya chuma. Nimevifunga kwenye gunia na kuandika jina lako. Nitavipeleka Masasi Jumamosi nivitie kwenye basi la Songea. Rafiki yangu wa Songea atavipokea na kuvisukuma Njombe. Mpini utauchonga huko huko, kwa mti mkavu usio na kifundo. Vikifika nipigie, na uniambie zile kuni za kwanza zimepimwa kilo ngapi.

Baba yako