Chama kilianza kabla hata ya TANU

Wiki hii mmeuliza chama cha wafanyakazi serikalini ni cha nani hasa, cha mwanachama au cha serikali. Mi ni mwalimu huku Masasi, mwaka wa 19 kazini, na swali hilo hilo kijana wetu mmoja wa ajira mpya aliniuliza mwezi uliopita pale ofisini, kashika salari slipu anaangalia ile asilimia 2 anayokatwa ya chama, akasema madam hii si kodi nyingine tu ya serikali? Iliniuma kwakweli, maana niliona hakuna mtu aliyewahi kumsimulia.

Nikamwambia kaa hapo. Chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa serikali nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, alikuwa karani, yaani miaka 32 kabla ya TANU, na hakuna mkubwa aliyewatuma, ni makarani na walimu wenyewe waliokuwa wanaona Mzungu na Mhindi wanalipwa zaidi yao ndani ya serikali ile ile. Baadaye TANU ilipokuja mtumishi wa serikali akakatazwa kujiunga na siasa, kwa hiyo pa kusemea pakabaki huko huko kwenye chama cha kazi. Rashidi Kawawa, ambaye shule alianzia hapa jirani Liwale, aliongoza watumishi hao, na TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, lilipoundwa 1955 akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Huyu ndo alikuja kuwa waziri mkuu 1962! Kijana alikuwa hajui, kumbe hata wengine mle ofisini walikuwa hawajui.

Sasa kilichotuharibia kwa maoni yangu ni 1964. Jeshi liliasi Januari, viongozi kadhaa wa wafanyakazi wakawekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaja NUTA kwa sheria, chama kimoja cha nchi nzima na katibu mkuu wake anateuliwa na Rais. 1978 ikawa JUWATA, jumuiya ya CCM kabisa. Hapo ndo mfanyakazi alizoea kukatwa hela bila kuuliza na mazoea hayo tumerithi, mpaka leo mtu anakumbuka chama Mei Mosi tu akigawiwa tisheti na kofia.

Ila JUWATA haikudumu, 1991 ikaja OTTU, muungano mpya wa wafanyakazi, halafu vyama vya kisekta vikazaliwa tena, CWT ya walimu ikasajiliwa 1993, kuna TUGHE ya serikali na afya, TALGWU ya serikali za mitaa, na TUCTA, shirikisho la vyama hivyo, juu yao. Viongozi wake tunawapigia kura sisi, kuanzia mwakilishi wa shule kwenda juu, wala hawateuliwi na Rais. Kwa hiyo jibu langu ni cha mwanachama, lakini mwanachama asiyefika kikaoni anakiacha kwa wanaofika, na huku kwetu wanaofika ni wale wale watu saba kila mwaka.

Kijana nimemwambia kikao cha tawi Jumamosi aje, na swali lake la asilimia 2 alisimamie pale pale mbele ya mweka hazina.