Goti Langu Halikuwa Linauma

Mmeuliza wiki hii: kipato cha nyumbani kikishuka, mchezo unaoupenda unaugharamiaje? Mimi swali hilo nilishalijibu kwa vitendo msimu wa korosho wa 2018, na jibu langu lilikuwa kuchechemea.

Naishi Mtwara mjini, upande wa Shangani, na ni beki wa kushoto wa timu ya maveterani. Veterani kwetu ni yeyote aliyevuka miaka 35 na kitambi kikaanza kumtangulia mlangoni. Tunacheza Jumapili asubuhi, na mara chache tunaalikana na wenzetu wa Masasi au Lindi kwa bonanza.

Watu husema mpira ni mchezo wa bure. Labda ule wa utotoni, wa makaratasi na kamba. Wa ukubwani una ada ya mwezi 5,000, faini ya kuchelewa 1,000, mchango wa jezi, mchango wa maji, wa mwenzetu aliyefiwa, wa mwenzetu aliyeoa (mmoja alioa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili tulichanga). Halafu kuna supu, na hapo ndipo mfuko unapotobokea. Mechi ikiisha hakuna anayekwenda nyumbani. Mnakaa, mnaagiza supu ya pweza na chapati, kisha mnaicheza mechi upya kwa mdomo, na kwa mdomo sisi hatujawahi kufungwa. Mimi supu hiyo ilikuwa ikinitoa 4,000 kila Jumapili, na zamu yako ikifika unamlipia na mwenzako.

Nyumba yetu inakula kwa njia tatu. Kuna ekari sita za mikorosho huko Nanyamba alizotuachia marehemu baba. Kuna meza ya mke wangu ya mihogo na samaki wa kukaanga, inayoanza kufuka moshi alasiri. Na kuna kibarua changu cha msimu ghalani, kupima magunia. Ukiziangalia vizuri, zote tatu ni korosho. Korosho ikilala, ghala linalala, na yule mteja wa muhogo wa jioni naye anapita upande wa pili wa barabara akijifanya hajatuona.

Msimu wa 2017 kilo ilivuka shilingi 4,000 mnadani, na hapo ndipo tulipoharibika. Nilikuwa naingia uwanja wa Nangwanda Sijaona kila timu yetu ya Ndanda ikicheza nyumbani, naagiza supu bila kuuliza bei. Mwaka uliofuata salfa, dawa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, ilikula akiba yote, na kufika Septemba nilikuwa sina kitu. Septemba hiyohiyo ukaja mwaliko wa Lindi.

Hesabu yake ilikuwa hivi: jezi mpya 25,000, kosta ya kukodi 12,000 kwenda na kurudi, chakula 10,000. Na njumu zangu zilikuwa zimekwisha meno, kwa hiyo njumu za mtumba, 25,000. Jumla 72,000. Mtu mwenye akili angesema hana. Mimi nilikwenda kwa kangomba.

Kwa msiotoka huku: kangomba ni mnunuzi wa mtaani anayekulipa mapema, kwa bei yake na kipimo chake, kabla korosho haijafika chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaoipeleka mnadani. Imekatazwa miaka yote, na miaka yote ipo, kwa sababu njaa ya Septemba haisubiri mnada wa Oktoba. Nilimpa kilo 60 za mwanzo kwa 1,200. Mke wangu nilimwambia kuna mtu amenilipa deni.

Lindi tulikwenda tukiimba, tukapita Mikindani, tukapita Mnazi Mmoja, kilomita mia moja na kitu za kelele. Tulichezea kiwanja cha shule. Winga wao, mzee wa mvi, alinipita mara tatu, na dakika ya 22 kocha akanitoa. Tulifungwa nne kwa moja. Hilo moja tulilizungumza njia nzima ya kurudi.

Yaliyofuata mnayajua, maana yalikuwa habari ya nchi. Wanunuzi wakataja bei ambayo wakulima waliikataa, na Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kubeba. Siku tuliyosikia bei hiyo redioni, mke wangu alikuwa ameshajua habari ya kilo sitini. Aliyemwambia simjui hadi leo. Hakupiga kelele. Alichukua daftari la hesabu la mtoto, akazidisha 60 kwa 3,300, akapata 198,000, akagawanya kwa 22.

“Mume wangu,” akasema, “kila dakika uliyocheza Lindi imetutoka shilingi elfu tisa.”

Kilo ya nyama mtaani kwetu ilikuwa chini ya hapo.

Serikali kuhakiki wakulima kabla ya kuwalipa kulichukua muda, na sisi fedha yetu ilitufikia mwezi wa nne. Kuanzia Desemba mpaka hapo tuliishi kwa makopa, mihogo mikavu ya akiba, na kile kidogo cha meza ya mihogo. Nangwanda niliacha siku ileile ya daftari, wala sikuona uchungu sana; redio ilinitosha. (Ndanda yenyewe ilishuka daraja 2020, ikanipunguzia kishawishi. Sasa ukitaka Ligi Kuu huku kusini unaifuata timu ya Namungo kule Ruangwa, na nauli ya Ruangwa haiingii kwenye hesabu zangu.) Lakini Jumapili ya maveterani ilinishinda kuiaga. Kusema sina hela pia kulinishinda. Basi nikapata goti.

Goti ni ugonjwa mzuri kwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Halina homa, halionekani, na kila mmoja ana la kwake la kusimulia. Mgonjwa hadaiwi ada wala hakai kwenye supu. Nilipita uwanjani Jumapili ya kwanza nikichechemea, nikapewa pole, nikarudi nyumbani na heshima yangu yote.

Tatizo lilikuwa miguu yenyewe, haikujua kwamba inaumwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Shangani hukauka mbali sana, na mchanga unaobaki ni mgumu, umelowa, unadunda. Vijana wa mtaa hucheza chandimu pale. Jua la saa nne asubuhi, maji yanapokuwa yamekwenda mbali kabisa, ni kali mno kwa mtu mzima, lakini hakuna ada, hakuna jezi, viatu ni nyayo zako. Nikawa nafuata mwezi kama mvuvi. Bamvua ikifika, nashuka pwani. Maji mafu, napumzika. Nadiriki kusema sijawahi kucheza vizuri kama miezi ile.

Machi mwaka 2019, Jumamosi moja, mweka hazina wetu akaja nyumbani kumwona mgonjwa. Ni mwalimu mstaafu, mpole, anaandika risiti hata ya shilingi mia tano. Alimkuta kijana wangu mdogo mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu. Baba yuko pwani, anacheza chandimu.”

Nilipogeuka kurusha mpira nilimwona amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, ametulia, kama mtu aliyelipa kiingilio. Alisubiri mpaka tulipopumzika. Nikamwendea, na njiani nikakumbuka kuchechemea, ila nikawa nimesahau ni mguu upi.

“Goti linaendeleaje?”

Sikujibu. Akatoa bahasha. Wenzangu walikuwa wamechanga 38,000 nikapige picha hospitali.

Nimepata aibu nyingi maishani. Nimewahi kujifunga goli kwenye fainali ya kata. Ile bahasha ilizipita zote, kwa sababu nilijua waliochanga, na wengine nilijua hawana. Nikamweleza yote: kangomba, jezi, supu, mke wangu na daftari. Alinisikiliza huku akichora mchanga kwa kijiti.

“Kipa ana mgongo,” akasema. “Winga wa kulia ana kisigino. Yule mrefu ana kifua. Tangu Desemba mimi ni mweka hazina wa wodi, si wa timu.”

Bahasha alikataa kuipokea. Alitaka niirudishe mwenyewe, Jumapili, mbele ya watu, nikiwa na jezi.

Nilifanya hivyo, na nilizungumza vibaya, nikirudia maneno. Kabla sijamaliza, kipa alicheka, halafu naye akasema mgongo wake umepona. Tulipofungua daftari la ada siku ile, kati ya wachezaji 26 tuliokuwa nao, 14 walikuwa na madeni ya miezi mitatu au zaidi.

Sasa nijibu swali lenu sawasawa. Ada yetu ilikuwa ya mwezi kwa sababu ada zote duniani ni za mwezi, lakini mfuko wa Mtwara unakwenda kwa msimu. Hela inaingia Novemba, Desemba, ikichelewa Januari, kisha mpaka mavuno mengine unakausha. Tukaifuta ada ya mwezi. Anayeishi kwa korosho analipa 60,000 zake malipo ya korosho yakitoka. Asiyeweza hata hapo analipa kwa mikono. Mimi nilifua jezi 22 kila wiki kwa mwaka mzima, na niseme ukweli, soksi za maveterani ni adhabu ya kutosha kwa kosa lolote.

Supu nayo tuliitoa kwenye uwanja. Baada ya mechi tunakaa palepale chini ya mwembe, kila mmoja na alichotoka nacho kwake, ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha, korosho za kuchoma, dafu. Mwenye hamu ya pweza anakwenda zake baadaye na wala hasemi. Si wote walifurahi. Wenye mishahara wawili watatu waliona wanabeba timu kuanzia Februari mpaka Oktoba, na mmoja alihamia timu nyingine yenye supu. Sikumlaumu, hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nyumbani mapatano ni mafupi: hakuna kilo inayotoka shambani bila watu wawili kujua, na safari za bonanza nakwenda mwaka mmoja, naacha mwaka mmoja. Mke wangu hajawahi kuniambia niache mpira. Nilimuuliza kwa nini, akasema Jumapili nikibaki nyumbani namwelekeza namna ya kukata mihogo.

Njumu zile za mtumba ninazo mpaka leo. Fundi viatu amezishona mara tatu, kidole gumba cha kushoto kinachungulia, lakini meno bado yapo. Kwetu zina jina. Jumapili iliyopita nilikuwa nimezianika ukutani, wingu likatanda upande wa bahari, nikasikia sauti kutoka jikoni:

“Kilo sitini zako zitalowa huko.”