Bata ameumwa na nguchiro na ngozi imegeuka kijani: je, ameanza kuoza?

SWALI: Shikamoo daktari. Juzi alfajiri nilisikia kelele bandani, nikatoka na tochi, nikamkuta bata wetu jike chini ya mgomba, manyoya yametapakaa, na mnyama mwembamba mwenye mkia mrefu akikimbilia majanini; nadhani ni nguchiro. Mgongoni karibu na mkia ngozi imechanika kama urefu wa kidole, na chini ya bawa la kushoto kuna vitundu viwili vidogo vilivyokwisha kuziba. Anasimama, ila amelegea na anakula kidogo sana. Leo ngozi ya pembeni mwa jeraha imekuwa kijani. Jirani mmoja anashauri tumpake oili chafu, mwingine anasema ameshaanza kuoza, achinjwe. Binti yangu amemlea tangu kifaranga na hatuna nia ya kumla. Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na poleni sana, wewe na binti yako. Nianze na hiyo rangi, maana ndiyo inayotaka kumpeleka bata huyu kwenye kisu bila sababu. Binadamu akivilia damu, ngozi yake huanza na zambarau, ikawa kijani, kisha manjano, kwa kuwa mwili huivunja damu ile hatua kwa hatua. Ndege hana kimeng'enya cha kuivusha kutoka kijani kwenda manjano, kwa hiyo alama yake hugeuka kijani siku ya pili au ya tatu na kubaki hivyo mpaka ifutike yenyewe. Nyama iliyooza ina dalili nyingine: huwa nyeusi, huwa baridi ukiigusa, na hunuka. Mguse kwa mgongo wa kidole. Kama sehemu ya kijani ina joto sawa na ngozi iliyo jirani nayo na haina harufu, hiyo ni damu iliyovilia tu.

Kinachonitia hofu mimi ni vile vitundu viwili ulivyovitaja kwa kupita. Mchaniko wa mgongoni unatisha macho, lakini uko wazi na unasafishika. Jino la nguchiro, kama la paka, ni jembamba. Huingia, hupanda vijidudu vya mdomoni katikati ya nyama, kisha ngozi hujifunga juu yake. Tena usaha wa ndege hautiririki kama wa mbuzi, bali huganda ukawa mkavu kama jibini, kwa hiyo msingoje kuona kitu kikitoka. Mtakachohisi ni kivimbe kigumu, na hapo mmeshachelewa. Chini ya bawa, isitoshe, jino halina safari ndefu kufika kwenye vifuko vya hewa ambavyo ndege hupumulia. Ukipapasa hapo taratibu ukahisi vipovu vikichakarika chini ya ngozi, basi hewa inavuja kutoka ndani.

Kwa sababu hiyo bata huyu anahitaji antibayotiki kutoka kwa daktari wa mifugo leo, wala si wiki ijayo, na kwa kuwa mko Morogoro mna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapo hapo mjini. Mpimeni uzito kabla ya kwenda, kwa kuwa dozi hutolewa kwa uzito. Msikubali kununua tu dukani sindano ya penisilini inayochomwa ng'ombe, kwani nyingi zina prokaini, ambayo inaweza kumdhuru ndege. Wala msimpe vidonge vya maumivu vilivyobaki nyumbani. Diklofenaki, ambayo watu wengi wanayo kabatini, ndiyo iliyoangamiza tumbusi wa Bara Hindi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, kwa kuharibu figo zao, hata India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Dawa ya maumivu anaihitaji, lakini aichague daktari.

Oili chafu msimpake kamwe. Ina sumu, hugandisha manyoya, na bata hujisafisha kwa mdomo, kwa hiyo ataimeza. Hata marhamu za kawaida zenye mafuta mazito huyaharibia manyoya uwezo wake wa kuzuia maji.

Huku nyumbani, kabla ya jeraha mshughulikieni bata mwenyewe. Ndege aliyekamatwa na mnyama hupata mshtuko unaoweza kumuua hata jeraha likiwa dogo. Mwekeni ndani ya boksi lenye taulo safi, mahali penye utulivu na mwanga hafifu, na pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, huku akiwa na nafasi ya kuisogelea au kuikwepa. Akipumua mdomo wazi, joto limezidi. Jiko la mkaa msiliingize chumba hicho hata kidogo, kwani moshi wake usioonekana huua ndege upesi kuliko mtu. Maji ya kunywa yawe kwenye bakuli lenye kina cha kutosha kuzamisha matundu ya pua, na chakula kiwe laini: pumba za kuku wa mayai zilizolowekwa, mchicha uliokatwakatwa, yai la kuchemsha. Msimmiminie maji mdomoni, kwa kuwa njia ya hewa imefunguka pale pale kwenye shina la ulimi.

Kusafisha kunahitaji watu wawili. Mmoja amshike bata mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, bila kumkamata miguu wala kumkandamiza kifua, maana ndege hupumua kwa kukiinua kidari, na ukikizuia humziba pumzi. Wa pili apunguze kwa mkasi manyoya yanayogusa jeraha, kisha aoshe mchaniko wa mgongoni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa gramu 9 za chumvi, akiyatiririsha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vile vitundu vya chini ya bawa mvipanguse juu juu tu. Msisukume maji ndani, yasije yakafika kwenye vifuko vya hewa. Mnaweza kumalizia na ayodini iliyozimuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Spiriti hapana. Rudieni mara mbili kwa siku, na kila mara mfunue manyoya mtafute mayai ya nzi, yaani vichembe vyeupe vilivyoshikamana kama punje ndogo za mchele, kwani kwa joto la Morogoro yanaweza kuwa funza kabla ya kesho.

Vaeni glavu. Nguchiro ni miongoni mwa wanyama wanaoweza kuwa na kichaa cha mbwa. Kama kuna aliyembeba bata asubuhi ile akiwa na kidonda mkononi, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuuliza kuhusu chanjo.

Mayai atakayotaga akiwa kwenye dawa, na kwa siku ambazo daktari atazitaja baada ya dozi, msiyale. Nguchiro naye atarudi, kwa hiyo bata wengine walale penye wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, uliozikwa ardhini kama sentimita 30.

Akianza kupumua huku mkia ukipanda na kushuka, au akashindwa kusimama, au akakataa chakula siku nzima, mrudisheni kwa daktari siku hiyo hiyo. Kuna hali ambayo kumpumzisha bila maumivu ndiyo huruma iliyobaki, ila kwa maelezo yako hajafika huko.

Kuogelea asubiri hadi ngozi ifunge na kukauka kabisa. Siku hiyo binti yako amweke kwenye beseni la maji safi kwa dakika chache, kisha amtazame mgongo: matone yakikaa juu ya manyoya na kuteleza, arudi kwa wenzake, yakilowa hadi ngozini, akaushwe na asubiri tena.