Baba ana mpira shingoni, haongei, tutamwelewaje?

SWALI: Shikamoo anti nesi. Baba yangu yuko ICU wiki ya pili sasa, katobolewa shingoni akawekewa mpira wa kupumulia, akili zake timamu ila sauti haitoki kabisa, tukimpa peni mkono unatetemeka. Juzi alikuwa anaangalia dirishani tu, nikafunga pazia, nikamfunika shuka, nikamgeuzia mto, wapi! Mwisho akafumba macho machozi yakamtoka. Tufanyeje jamani? (Binti wa Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Sauti haitoki kwa sababu hewa inatokea kwenye huo mpira kabla haijafika kwenye nyuzi za sauti, kwahiyo msimpigie kelele, hajawa kiziwi. Na kama huwa anavaa miwani mvalisheni.

Kwanza mtafutieni ndiyo na hapana. Kuangalia juu iwe ndiyo, kuyafumba macho kwa nguvu iwe hapana, kupepesa kwa kawaida msikuhesabu maana kila mtu anapepesa. Mjaribuni na vitu mnavyovijua, "hapa ni Mwanza?" Swali moja, halafu unanyamaza unahesabu mpaka kumi kimoyomoyo, sio ndugu sita mmezunguka kitanda kila mtu na lake.

Halafu nunua manila na maka peni, andika a e i o u, chini yake ba be bi bo bu, hivyo hivyo kama darasa la kwanza. Herufi moja moja utakesha, lakini Kiswahili chetu kinakwenda kwa silabi, unapitisha kidole mstari kwa mstari, akiangalia juu unasimama, unaingia ndani ya mstari silabi kwa silabi. Wodini kwetu mzee mmoja alichagua "ku", tukaendelea, akarudia "ku", tukasema kachoka huyu, tukamlaza. Kesho yake tena ku, ku. Kumbe kuku! Anataka kujua nani anawalisha. Pembeni chora na picha za maumivu, choo, makohozi, kiu, ila akisema maji usimpe mpaka umuulize nesi.

(Wenye mgonjwa wa kiharusi, huyo maneno yenyewe yanaweza kuwa yamepotea hata kusoma, silabi zitamchosha bure, tumieni picha na vitu halisi.)

Sasa lile la dirisha, muulize tena leo, ila anza na "ni kitu cha humu ndani?" Akiyafumba macho kwa nguvu, achana na mto na shuka, uliza ya nyumbani.