Unachobeba mfukoni siku pikipiki inapolala

Wanaoanza kuendesha pikipiki huuliza sana kuhusu helmeti, koti na glovu, na wanafanya vizuri. Wachache huuliza kuhusu vile vitu tunavyotoka navyo kila asubuhi bila kufikiri: simu, funguo, kisu cha kukunja, pawabenki, chupa ya maji. Nimeanguka, na nimewaokota wenzangu walioanguka. Tukishahakikisha mtu yuko salama, huwa navikagua vitu vyake kimoja kimoja, maana vinafundisha. Kabla ya kujiuliza kama kifaa kitapona, jiulize kitakufanya nini kikibanwa kati ya mwili wako na lami.

Chukua funguo. Ukianguka kwa ubavu, nyonga ni miongoni mwa sehemu zinazotangulia chini, na hapo ndipo mfuko wa suruali ulipo. Uzito wako wote unatua juu ya kipande cha chuma chenye upana wa kidole. Nimeona paja lenye alama ya meno ya ufunguo, unaweza kuyahesabu, na ufunguo wenyewe ukafungua kufuli kama kawaida. Kisu na bisibisi ni hivyo hivyo: vinatoka vizima kwa gharama ya nyama yako. Viweke kwenye boksi la nyuma ya kiti au ndani kabisa ya begi. Funguo usizivae shingoni kwa kamba hata siku moja, na pete ya kidoleni ivue kabla ya kuvaa glovu.

Begi la mgongoni nalo lina kanuni yake. Kufuli la chuma, spana na chupa ya chai visikae upande unaogusa uti wa mgongo. Upande huo weka sweta au koti la mvua. Chupa ya chai ya chuma ina kuta mbili zenye ombwe katikati. Ikibonyea mpaka kuta zikagusana, au ombwe likivuja, haitunzi tena joto. Hasara hiyo ni ndogo. Chuma kigumu kama hicho kwenye pingili za mgongo ni habari nyingine kabisa.

Sasa kuhusu uimara wenyewe. Simu na saa nyingi hutangazwa kuwa zimepita kipimo cha kijeshi cha MIL-STD-810. Katika jaribio lake la kudondosha, kifaa huangushwa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122 juu ya mbao iliyotandikwa kwenye zege, na mtengenezaji anaruhusiwa kugawa madondosho hayo kwa vifaa hadi vitano. Ni jaribio la maana kwa simu inayoponyoka mkononi. Lakini kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kisha unaburuzika. Jaribio hilo la kudondosha halipimi msuguano huo. Alama ya IP68 unayoiona kwenye simu nayo inahusu maji na vumbi tu.

Katika kuburuzika, kitambaa cha begi mara nyingi si cha kwanza kushindwa. Mishono huachia, meno ya zipu husagika, vifungo vya plastiki hukatika, vitu vinatawanyika barabarani. Unaponunua begi, vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonewa na utazame uzi. Zipu iliyofunikwa na kitambaa ni bora kuliko iliyo wazi. Nailoni ikipata joto la msuguano huyeyuka, kwa hiyo usiiache iguse ngozi tupu.

Simu iweke kwenye mfuko wa ndani wa koti wenye zipu, kioo kikielekea mwilini. Kishikizo cha kwenye usukani kinaweza kuiachia ikarukia majanini wakati unaihitaji kuliko siku zote. Tena mwaka 2021 Apple wenyewe walitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone.

Helmeti iliyopata pigo, nunua nyingine. Povu la ndani likishabonyea halirudi.

Ninalokusihi zaidi ni betri. Pawabenki iliyogongwa inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imeharibika, na ikawaka moto saa kadhaa baadaye. Usiichaji ili kuijaribu, wala usilale nayo chumbani. Iweke nje juu ya sakafu ya saruji, mbali na chochote kinachoshika moto. Ikivimba, ikipata joto au ikitoa harufu usiyoizoea, usiifungue. Ipeleke wanakopokea betri mbovu. Simu iliyopinda ni vivyo hivyo.

Jaza kwenye simu taarifa za dharura zinazosomeka bila nywila. Na kwa kuwa simu inaweza kuzima siku hiyohiyo, andika pia jina lako, mzio wa dawa ulio nao na namba mbili za ndugu kwenye kadi. Tumia wino usiotoka kwa maji, na kadi ikae ndani ya koti, maana begi linaweza kubaki mbali nawe.