Kazi ikiwapo, ilipwe mshahara

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama ni haki kumtaka mtu asiye na ajira afanye kazi za jamii ndipo apewe posho ya serikali. Nasema hapana, nikijua kwamba wengi watakaowaandikia watasema ndiyo, tena si kwa roho mbaya. Mtu anaamka alfajiri, anakatwa kodi kabla mshahara haujamfikia mkononi, halafu anaambiwa fulani analipwa kwa kukaa nyumbani. Lazima imuume. Na methali anayo tayari: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Ila mgeni wa methali hiyo analima bega kwa bega na mwenyeji wake, na chakula kikipakuliwa wanakula sahani moja. Huyu wa swali lenu anapewa ufagio kando ya mfagiaji aliyeajiriwa. Wanafagia barabara ileile, kwa saa zilezile, chini ya nyapara mmoja. Mwisho wa mwezi mmoja anachukua mshahara, na likizo yake anaihesabu. Mwingine anachukua posho ileile aliyokuwa akiipata kabla hajashikishwa ufagio.

Tupige hesabu. Mwaka 2011 Uingereza ilianzisha mpango wa namna hii: saa 30 kwa wiki, kwa wiki nne, na anayekataa anasimamishiwa posho. Wakati huo mtu asiye na mwenzi, mwenye miaka 25 na zaidi, alikuwa akipata pauni 67.50 kwa wiki. Gawanya kwa 30, unapata pauni 2.25 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kuanzia Oktoba mwaka huohuo kilikuwa pauni 6.08. Yupo atakayenijibu kwamba wengine walipewa pia msaada wa kodi ya nyumba. Ni kweli, wengine. Aliyekuwa bado anaishi kwa wazazi wake hakuupata. Kwa hiyo serikali iliyoweka kima cha chini ili waajiri wasiwanyonye watu ikajipa ruhusa ya kulipa zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya hicho kima.

Na ilipata nini? Tathmini ya wizara ya kazi na pensheni ya Uingereza yenyewe, iliyotoka 2012, haikuona kwamba waliopelekwa kwenye mpango walipata ajira zaidi kuliko wenzao. Idadi ya waliochukua posho ilishuka kwa muda mfupi, kisha tofauti ikafutika. Australia, iliyoanza majaribio yake 1997, wachumi waliofuatilia miaka ya mwanzo walikuta jambo baya zaidi: walioingizwa kwenye mpango walikaa kwenye posho muda mrefu kuliko watu wa aina yao ambao hawakuingizwa. Sababu haihitaji shahada. Aliyeshika reki tangu asubuhi hazunguki kutafuta kazi.

Mimi ni msimamizi wa usafi, na kuna kipindi tuliletewa watu hawa. Wakubwa walidhani tumepata nguvukazi ya bure. Bure gani? Mtu mpya anafundishwa, anapewa glavu na kizibao cha reflekta, anatafutiwa wa kumwangalia. Akianza kushika mwendo, muda wake umekwisha, analetwa mwingine. Niliwatoa wafanyakazi wangu wawili wazuri kwenye mitaro wakawe walinzi wa wageni. Na fomu niliyotakiwa kujaza kila siku ilikuwa na jina, tarehe, kisanduku cha "amefika" na kisanduku cha "hakufika". Basi. Alikuwapo mama mmoja, zamani fundi cherehani, aliyeshona vizibao vyetu vilivyochanika, akapanga stoo, akaandika orodha ya vifaa ambayo tunaitumia mpaka leo. Siku ya mwisho akaniomba barua ya kuonyesha alichofanya, aende nayo kuombea kazi. Nikaambiwa na ofisi kwamba barua hazitolewi, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa. Alama ya "amefika" ndiyo iliyobaki kwenye faili.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na sioni watetezi wa sharti hili wakipagusa. Kazi utakayompa mtu huyu, inahitajika au haihitajiki? Kama inahitajika, yupo anayelipwa kuifanya, au angepaswa kuwapo. Ukimleta wa posho, mkuu wa idara anayebanwa na bajeti atakuwa mjinga wa mwisho duniani akiendelea kuajiri. Kibarua anaachishwa, anakwenda kuomba posho, na ukiwa na bahati mbaya ya kutosha utamkuta wiki kadhaa baadaye analetwa kufagia palepale alipokuwa akilipwa. Ujerumani waliliona hili. Walipoanzisha 2005 vile vibarua vilivyopachikwa jina la kazi za yuro moja, sheria ilitaka kazi iwe na manufaa kwa umma na iwe ya nyongeza, yaani kitu ambacho bila mpango huo kisingefanyika. Ni kinga nzuri kwa wafanyakazi walioajiriwa. Lakini itazame kwa upande wa anayetumwa: amepewa kazi ambayo, kwa mujibu wa sheria yenyewe, hakuna mtu aliyekuwa tayari kumlipa mwenzake aifanye. Atajifunza nini hapo ambacho mwajiri atakinunua kesho? Ikiwa na maana inawanyang'anya wengine mkate, isipowanyang'anya haina soko. Nimejaribu kutafuta njia ya katikati, nikaona ni nyembamba mno kwa mamia ya maelfu ya watu kupita.

Watetezi wenye akili zaidi watasema lengo si kazi, ni chujio: mwenye shida ya kweli atakuja, mwenye kipato cha pembeni ataona usumbufu na kujitoa. Hoja hii naiheshimu, maana inasema kilicho ndani ya moyo. Tena ni ya zamani. Sheria ya maskini ya Uingereza ya 1834 ilijengwa juu yake: hali ya anayesaidiwa lazima iwe duni kuliko ya kibarua maskini kabisa. Ndiyo maana katika nyumba za kazi, yaani zile maskini walizotakiwa kuingia ili wasaidiwe, watu walikaa kufumua kwa vidole kamba kuukuu za meli, nyuzi kwa nyuzi. Huko Andover, mji wa Uingereza, walipewa mifupa ya kusaga iwe mbolea, na mwaka 1845 ikafichuka kwamba walikuwa na njaa kiasi cha kugombea uboho na vipande vya nyama vilivyobaki kwenye mifupa hiyo. Chujio lilifanya kazi yake: watu waliikimbia ile nyumba. Waliokimbia hawakuwa matajiri waliojificha. Na leo wa kwanza kujitoa huwa ni mgonjwa asiye na cheti, mama asiye na wa kumwachia mtoto, na mtu asiyeelewa barua aliyoandikiwa. Mjanja mwenye biashara ya pembeni anatafuta njia ya kugongewa "amefika".

Sikatai kwamba kukaa bila kazi kunamla mtu. Nimeona waliokuja kwetu wamenuna na baada ya siku chache wanacheka na wenzao. Wangekuja kwa hiari wangekuwa wengi tu, hasa kama kungekuwa na mshahara. Marekani ya Rais Roosevelt ilifanya hivyo kuanzia 1935: WPA, shirika la serikali la kazi za umma, hadi lilipofungwa 1943, liliajiri watu wapatao milioni 8.5, wakajenga barabara, shule, na uwanja wa ndege wa LaGuardia. Walilipwa ujira. India nayo, kwa sheria yake ya 2005, iliigeuza kabisa mizani: kaya ya kijijini ikiomba ilikuwa na haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, na kazi isipopatikana ndani ya siku 15, serikali ndiyo iliyodaiwa posho. Eneo la kazi likiwa mbali zaidi ya kilomita 5, malipo yaliongezwa asilimia 10. Utekelezaji ulikuwa na aibu zake, malipo yakichelewa kwa wiki na wiki, lakini aliyefungwa na sharti alikuwa serikali. Ningependa wanaoshabikia masharti waanze na hilo.

Kama nchi itashika uzi wake na kulazimisha, basi angalau yafanyike machache. Saa zisizidi posho ikigawanywa kwa kima cha chini. Marekani ukomo huo upo kwenye kazi zinazodaiwa kwa msaada wa chakula, kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani. Bima iwe ileile ya wafanyakazi, kwani Aprili 2016, katika uwanja wa maonyesho wa Toowoomba huko Australia, kijana wa miaka 18 aliyetumwa na mpango wa huko alianguka kutoka kwenye tela lililovutwa na trekta akafariki. Barua ya kazi itolewe, isainiwe na aliyemsimamia. Na kila wiki zibaki siku mbili nzima za kutafuta ajira, siku za kazi, si Jumamosi na Jumapili, maana sijawahi kusikia usaili unaofanyika Jumapili.