Saa 15 Angani Kabla ya Kuingia Darasani

SWALI: Mshauri wetu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kilifi. Mwezi wa Agosti, Mungu akijalia, nitasafiri kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, nikaanze kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja huko Marekani. Sijawahi kupanda ndege. Mwenzangu ananihimiza nimeze dawa ya usingizi ili nisiuhisi urefu wa safari, ilhali mimi natamani kuifurahia. Je, inawezekana? – Mwalimu T., Kilifi

JIBU: Inawezekana sana, Mwalimu, na nafurahi kwamba shauri la dawa limekutia shaka. Anayelala fofofo kwa dawa hasogezi miguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kuketi bila kusogea kwa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda mishipani, ingawa kwa mtu mwenye afya njema hatari hiyo hubaki ndogo. Inuka kila baada ya saa moja au mbili uwapo macho, tembea hadi nyuma ya ndege, kisha urudi. Wengi watakushauri uchague kiti cha kando ya njia kwa sababu hiyo. Mimi nakushauri uchukue cha dirishani, na jirani yako hatakasirika ukimwomba radhi mara tatu nne upite.

Dirisha utalihitaji. Safari hiyo, iliyoanzishwa Oktoba 2018, kwa kawaida huondoka usiku na kuelekea magharibi, hivyo ndege inakwenda ikilikimbia jua, nawe utauona usiku mrefu kuliko wowote uliowahi kuuona Kilifi. Ukiondoka saa sita usiku, saa 15 baadaye nyumbani itakuwa saa tisa alasiri, lakini New York ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. Alfajiri itakukuta juu ya Atlantiki, ikipanda taratibu mno kwa sababu ndege inaikimbia. Ndege za Boeing 787, ziitwazo Dreamliner, zinazotumika katika njia hiyo hazina pazia la kuvuta dirishani: chini ya kioo kuna kitufe, ukikibonyeza upande mmoja kioo hugeuka buluu iliyokolea polepole, na ukikibonyeza upande wa pili nuru hurudi. Usikose kuwa macho saa hiyo ya alfajiri.

Hewa ya ndani haitakusumbua kama wengi wanavyohofu, kwani Dreamliner huwekewa mgandamizo wa hewa unaolingana na ule wa mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya bahari, yaani Nairobi yenyewe. Tatizo ni ukavu. Kunywa maji mara kwa mara, jipake mafuta midomoni, na usishangae chakula kikikosa ladha, maana ukavu huo na wepesi wa hewa hupunguza utambuzi wa chumvi na sukari ulimini. Kashata chache mkobani zitakufaa.

Sasa nije kwenye furaha yenyewe. Tangu ulipopata barua ya uteuzi, naamini hujapumzika: viza, pasipoti, kuaga wazee, kukabidhi madarasa. Ukishatua utapokewa na ratiba nyingine. Baina ya hayo mawili umepewa usiku mmoja ambao hakuna anayekudai kitu, na mwalimu haupati usiku kama huo mara nyingi. Tafadhali usiujaze kwa maandalio ya masomo. Soma riwaya ambayo hutaifundisha, sikiliza taarab uliyoihifadhi kwenye simu, kisha lala usingizi wa kawaida. Ukiamka, andika kwa kalamu namna utakavyowaamkia wanafunzi wako siku ya kwanza, maana wengi wao huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikisemwa na mwenyewe.

Pasipoti, barua ya chuo na, ikiwa viza yako ni ya J-1, yaani ya wageni wa mipango ya mabadilishano, fomu ya DS-2019 inayothibitisha nafasi yako katika mpango huo, viwe katika mkoba wa mkononi, kamwe si katika sanduku la mizigo, kwa kuwa afisa wa uhamiaji atavitaka kabla hujaliona sanduku hilo. Ukifika, mwili utadai kulala adhuhuri. Jizuie hadi giza liingie, na wenyeji wakikualika kutembea chuoni, kubali.